Bakuli Lisilooshwa

Mama alikataa kofia, akakataa na mkono wangu,
akashuka ngazi kiubavuubavu, mguu mmoja ukimngoja mwenzake,
akililaumu goti la kushoto na bei ya kiingilio.
"Dola nzima," alisema, "kutazama shimo."

Na kweli, Joya de Cerén ni shimo.
Hakuna piramidi. Hakuna mfalme aliyelala na vito vyake.
Kuna paa la bati, na chini yake kijiji cha wakulima
kimekaa kama kilivyoachwa jioni moja,
kabla Mhispania wa kwanza hajazaliwa, wala babu yake,
wala babu wa babu yake.

Neftalí, kijana aliyetuongoza, fulana imepauka mabegani,
alituhesabia matabaka ya jivu ukutani:
moja, mawili, hadi kumi na manne.
Ardhi ilikohoa, ikatulia, ikakohoa tena.
Kisha nyasi. Kisha karne.
Kisha, mwaka wa sabini na sita, tingatinga
likisawazisha uwanja wa kujengea maghala ya nafaka
likapasua chumba cha mtu.

Mahindi yalivunjwa shingo yakaukie shambani,
vile vile anavyoyavunja mjomba Abelino hadi leo.
Matuta ya muhogo yapo, muhogo wenyewe ulioza zamani;
wataalamu waliyamiminia plasta matundu yake
na matundu yakatoka na umbo la mizizi.
Mama aliinama juu ya kamba ya kuzuia watu.
"Membamba," akasema. "Palizi ilichelewa."

Kulikuwa na panya waliofia kwenye nyasi za paa.
Mikeka ilikuwa haijatandikwa.
Kulikuwa na bakuli, na ndani ya bakuli
michirizi ya vidole vya mtu aliyekomba chakula chake cha mwisho
akasema, nadhani, nitaliosha baadaye.

"Na watu?" aliuliza Mama.
"Hatujampata hata mmoja, Niña Otilia. Huenda walikimbia."
"Huenda," alisema, kama anayeonja chumvi.

Tukafika ghalani. Neftalí akaonyesha mifupa midogo:
bata, kamba shingoni, amefungwa nguzoni.
Alishaanza kueleza habari za nyumba ya mvuke
nilipogundua kwamba Mama hayuko nasi.
Alikuwa amesimama pale pale, mkoba kifuani.

"Sisi tulikuwa tunakula maharage," alisema.

Vita nilivijua. Nilijua mwaka, nilijua jina la mto,
nilijua wajomba wangapi hawakuvuka.
Maharage sikuwahi kuyasikia.
"Redio ilikuwa inaongea. Nilikuwa nimemenya kitunguu,
nusu nimekata, nusu bado.
Na mbwa alikuwa amefungwa mlangoni."
Akamtazama bata.
"Sikumfungua."

Neftalí aliishusha fimbo yake ya kuonyeshea.
Wanafunzi waliovaa sare walitupita wakicheka,
mmoja akapiga picha bakuli, mmoja akapiga picha kiatu chake.

Nje tulikula pupusa za jibini, moto wa kuunguza midomo.
Hakuna aliyetaja tulichokiona.
Aliuliza kama gari lina petroli.
Aliuliza kwa nini siku hizi kabichi haikolezwi siki.
Tulipofika njia panda ya Opico, dirisha wazi,
vumbi la shamba la miwa likitujia usoni,
akasema ghafla, kana kwamba mtu alikuwa amembishia:

"Yule bata alifungwa na mtoto.
Niliona lile fundo. Fundo la mtoto
halifunguki haraka hata ukitaka."

Nilibadilisha gia.
Mwaka ule wa mto nilikuwa na miaka mitano,
na nilikuwa ndiyo kwanza nimejifunza kufunga.
Sikumuuliza mbwa wetu alifungwa na nani.